Upande Mmoja wa Mlango

Milango ya maduka ya Ndia Kuu, mtaa wetu wa kale kisiwani, ina pande mbili. Naanza na hilo kwa sababu usipolijua hutaelewa yaliyotupata. Jirani akifiwa, kila mwenye duka hufunga upande mmoja mpaka maziko yapite. Hakuna anayetangaza. Unamwona mwenzako amefunga, unamuuliza, nawe unafunga.

Mwaka huo mtaa ulikuwa umepwaya. Wanunuzi walihamia maduka makubwa ya nje ya kisiwa, na kufuli nyingi upande wetu zilikuwa zimeshika kutu. Tuliobaki tukakubaliana kuufufua. Tukafagia, tukapaka milango rangi, tukachagua Jumamosi moja ya kuwakaribisha watu upya. Mimi nauza leso, katika duka aliloniachia mama. Mkabala nami alikuwa fundi wa cherehani, Mkristo wa kutoka bara, aliyeanza kazi reli kisha akaja kuzeeka nasi. Bawaba za mtaa mzima alizitia mafuta yeye, bila kuombwa.

"Kijani hicho, dada," aliniambia, "mbuzi akipita atakula mlango."

"Na bluu yako je? Watu watadhani ni zahanati, waje kuchomwa sindano!"

Alfajiri ya Jumamosi hiyo mkewe akafariki, baada ya kuugua muda mrefu. Habari zilitukuta tukitundika leso barazani.

"Tufunge?" akauliza muuza viungo.

Aliyejibu ni mimi. "Ada hii ni yetu, wao wana yao. Na watamzika kwao bara. Wageni wako njiani."

Wenzangu wakaendelea kutundika leso, nami nikadhani wamekubali.

Wageni walikuja, tena wengi. Adhuhuri fundi akapita kuchukua koti lake dukani. Aliitazama milango mmoja mmoja, yote wazi pande mbili, yang'aa. Akachukua koti, akafunga kufuli, akaenda zake.

Wiki tatu duka halikufunguliwa. Tukasikia mwenye nyumba ya duka hilo anatafuta mpangaji mwingine. Nikaenda nyumbani kwa fundi, mtaa wa Tudor, nikampa pole na kumwomba radhi. Alinimiminia chai.

"Mama yako alipofariki, nilifunga upande mmoja," alisema taratibu. "Ndugu wa muuza viungo alipofariki, nikafunga. Miaka yote hiyo, dada, nilijua nafunga kwetu."

Nilimwambia nilikosea, na kwamba neno lile lilitoka kinywani mwangu, si mwa mtaa. Nikamuuliza iwapo atarudi.

"Sijui," akasema.

Vijana wanaofungua maduka hapa sasa huniuliza tulianzaje. Huwaambia wasiogope, wapake rangi, watu huipenda. Ila kila asubuhi, kabla ya kutundika bidhaa, waitazame milango ya jirani zao.

Jumatatu baada ya kwenda kwa fundi, niliwaeleza wenzangu aliyoyasema. Maziko yalikuwa yamepita zamani, lakini tulifunga upande mmoja, sote. Wanunuzi waliuliza tumefiwa na nani. Tukawajibu: mke wa fundi. Siku ya pili tukafunga tena. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akasimama katikati ya njia akitazama, mkono mfukoni penye ufunguo.

Akafungua kufuli. Mlango wake wa bluu aliufungua upande mmoja tu, akaingia. Baada ya kitambo nikasikia cherehani ikizungushwa.