Namba 241,920 iliyomtoa dada yangu nyumbani kwetu Mji Mkongwe

Wakuu, assalaam alaykum. Walionizidi umri, shikamooni. Haya yamenipata mwenyewe, sikutia chumvi, na Mola ndiye shahidi.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe aliiacha babu. Hesabu ya mirathi yake ilianza na namba ndogo tu, nane. Bibi sehemu moja, watoto wawili wa kiume mbili mbili, wa kike watatu moja moja.

Hawakugawana.

Bibi akafa, sehemu yake moja ikataka kugawika saba kwa watoto walewale, nane ikazidishwa kwa saba, ikawa hamsini na sita. Ndivyo ilivyo: kila anayekufa kabla ya kugawana, namba hukua ili warithi wake nao wapate sehemu nzima nzima. Na kwetu wamekufa wengi, Mola awarehemu.

Mwaka jana dada yangu Bi Time, aliyekuwa akiishi humo, alitaka kuezeka upya. Paa lilivuja. Nyumba ya urithi haiguswi mpaka wenye nayo wote waridhie. Mie nimesomea mirathi, nikakaa na kalkuleta ya simu.

Ikatoka 241,920.

Namba nzuri wakuu, sifichi. Inagawika kwa moja hadi kumi, zote, bila baki. Kumi na moja ndiyo ya kwanza kukataa, inabakiza nane. Na hakuna ndogo kuliko hiyo inayowatosha warithi wetu bila kumvunjia mtu sehemu yake.

Dada ana 17,280. Mwenye kidogo kabisa ana 45: mjukuu wa shangazi yetu, yuko Bara, hajapata kuingia nyumba ile. Wala hakujua kama ana chake.

"Huyo mwache, bwana," dada akaniambia. "Nnalala na ndoo kitandani, wewe wanitafutia watu!"

"Haki ya mtu haiachwi kwa udogo, dada."

"Basi njoo ulale wewe na ndoo."

Nikampigia simu kijana.

"Kumbe nina changu, mjomba? Basi hapapigwi msumari. Iuzwe kwa watu wa hoteli."

Nikambembeleza. Akacheka: "Si umesema mwenyewe bila mimi haiwi?"

Masika yakaingia. Boriti zikakatika, ukuta wa nyuma ukateremka. Alhamdulillahi hakuumia mtu.

Bi Time sasa yuko kwa mwanawe Michenzani, ghorofa ya juu. Magoti hayamruhusu kushuka ngazi. Nikenda kumtazama, hata chai hajanipa, huniuliza: "Namba yako haijambo, maalim?"

Nashukuru kwa kila hali. Lakini wakuu, neno lake halinitoki, kwa sababu ingekuwa leo ningemhesabu yule kijana vilevile.

Gawaneni mapema, maiti akishazikwa na madeni yake yakishalipwa. Msione haya.

Na mwenye elimu hii aniambie: palikuwa na njia ya kumwezekea dada yangu bila kumdhulumu mwenye arobaini na tano? Semeni, hata kwa ukali. Mie nimeitafuta, sijaiona.