Ruhusa ya Mume Ambaye Hakuzaliwa

Mpaka leo nikisikia wanaume wanabishana kama serikali iingie au isiingie katika matibabu ya watu, nachukua kanga yangu naondoka. Mwanangu wa mwisho huniambia, mama, una hasira za bure. Si za bure. Miaka ya hamsini, kwetu milimani upande wa Tarime, nilikaa kwenye mkutano wa namna hiyo nikaona wanaume wenye akili zao timamu wakishangilia kanuni iliyokuja kutuvunjia nyumba.

Nieleze kwanza nyumba yenyewe. Baba alifariki mapema, na mama alikuwa amezaa wasichana watupu. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo haachwi azeeke bila mjukuu wa kurithi shamba na zizi. Huchukua ng'ombe wa mahari ya binti yake akaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Tunaita nyumba ntobu. Msichana huyo huwa mkamwana. Anahesabiwa kuwa mke wa yule mtoto wa kiume ambaye mama hakujaliwa kumzaa. Mwanamume wa kumpa mimba hutafutwa, mtu mwenye heshima zake, lakini mtoto si wake. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Hata mtoto anayechunga mbuzi alilijua hilo.

Ng'ombe wa mama walikuwa wa mahari yangu mimi, kwa hiyo nikikasirika nina haki. Nilikuwa nimeolewa kijiji cha jirani, lakini kwa mama nilikuwa naenda kila nilipopata nafasi, maana wifi yangu yule alinifurahisha. Alikuwa mchapakazi, na ulimi wake haukuwa na breki. Alinitania kwamba ugali wangu ungefaa kukandikia ukuta, kisha anakula wote. Mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi aliotuzaa, na sikuwa na kinyongo. Alipopata mimba mama alianza kutembea kifua mbele kijijini.

Ni wakati huo huo Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kuitisha baraza. Alisema serikali italeta dresa wa kutibu na dawa, na mwanamke akishindwa kujifungua, lori la boma litakuja kumchukua limpeleke hospitali kubwa. Sisi tujenge zahanati kwa mikono yetu, na kodi ingepanda kidogo. Mkalimani wake, alipogeuza maneno hayo kwa Kikurya, akaongeza ya kwake kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu wakaguna. Tulikuwa tumeinama miaka mingi, na mvunguni hatujaona kitu.

Basi wakaanza. Kijana mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni alisimama akasema kodi tunalipa tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo dawa si zawadi, ni haki yetu, na serikali isitutoze mara mbili kwa kitu kimoja. Nilimpenda kwa maneno yale. Lakini akasimama mzee mmoja mwenye wake wengi na sauti kubwa, mguuni ana kidonda ndugu kilichofungwa kitambaa, akasema serikali ikikaribishwa jikoni, kesho utaikuta chumbani.

"Mke wangu akipandishwa lori mimi nikiwa machungani, nitajuaje alikopelekwa?" alisema. "Akirudi hana kizazi, nitamdai nani? Nitamdai dereva?"

Wanaume wakapiga makofi. Sikatai, hofu ilikuwepo. Zilikuwa zimeenea habari kwamba huko hospitali kubwa wanawake wanapasuliwa na kufungwa uzazi. Lakini nisikilize vizuri: siku nzima ile, katika maneno yote yale juu ya matumbo ya wanawake, hakuna mwanamke aliyeulizwa. Sisi tulikaa nyuma kwenye nyasi, na mila haikuturuhusu kusimama kwenye mkutano wa wanaume. Wengine walitaka serikali ifanye yote, wengine walitaka isifanye lolote, na jua likawa linashuka. Mwisho wakapatana. Serikali ilete dresa na dawa na lori lake, ila mke wa mtu asipandishwe humo mpaka mume wake atamke kwa mdomo wake mbele ya dresa kwamba anaruhusu. Bwana Shauri akakubali haraka, nadhani alitaka kuwahi chakula chake. Wanaume wakashangilia kama walioteka mifugo. Wameishinda serikali.

Mama akaniinamia. "Na huyu wangu atatamkiwa na nani?"

Alimtuma mtoto amwite yule mwalimu, akamnong'oneza. Mwalimu akasimama tena akasema kwa adabu kwamba kuna nyumba kijijini ambazo mume hayupo, ni nyumba ntobu, je, huko mama mwenye nyumba atakubaliwa kutamka? Loo, walicheka. Yule mzee wa kidonda ndiye aliyecheka zaidi, akasema hayo ni mambo ya wanawake, wataelewana wenyewe. Mkalimani hata hakumgeuzia mzungu swali lile. Mama alitazama chini, akawa anang'oa nyasi moja moja.

Zahanati tukaijenga. Wanaume walisimamisha nguzo, halafu maji ya kukandikia, udongo, nyasi za paa, vyote vilipanda kilima juu ya vichwa vyetu. Wifi yangu na tumbo lake alibeba pia, ukimkataza anakuambia mtoto wa nyumba hii lazima ajue kazi mapema. Dresa alipofika, unadhani nani alitangulia kwenye foleni? Yule yule aliyeogopa serikali jikoni. Kila wiki alikuja kuoshwa kidonda na kuchomwa sindano ya serikali, akakaa kwenye benchi letu, anasalimiwa shikamoo na kila anayepita.

Uchungu ulimshika wifi yangu jioni moja nikiwa pale kwa mama. Wakunga wetu walijitahidi usiku kucha. Asubuhi mkunga mkubwa alitoka nje akanawa mikono, akasema mtoto amekaa mkingamo, yeye hamuwezi. Majirani wanne wakambeba kwenye kitanda cha kamba. Mmoja wao alikuwa yule mwanamume aliyempa mimba, jirani wa ng'ambo ya kijito, mtu mkimya. Na yeye mke wake alimzalia wasichana watupu. Siku ile sikulifikiria hilo.

Dresa alimpima, uso ukambadilika. Akamtuma mtu kwa baiskeli hadi boma. Lori lilipofika jua lilikuwa limepita utosini, na wifi yangu, yule mwenye ulimi usio na breki, alikuwa hasemi kitu, anauma ncha ya kanga. Tukainua kitanda. Dresa akasimama mbele ya mlango wa nyuma wa lori.

"Mume wake ni nani? Naomba atamke."

"Mimi ndiye mwenye nyumba," mama akasema. "Nimeruhusu. Mpandishe."

Yule dresa hakuwa mtu mbaya. "Mama, mimi nakuelewa. Lakini nikimpandisha bila mume, wazee wenu watakuja hapa na marungu, na Bwana Shauri atasema nimevunja mapatano. Nipe mwanamume."

Na pale kwenye benchi, kitambaa kipya cheupe mguuni, alikuwa amekaa nani? Mzee wetu. Akageuka kama anayesikiliza kesi. Mama akamwendea, akasema, "Shikamoo, mzee. Wewe unaijua nyumba yangu. Mwambie huyu kijana kwamba ng'ombe walitoka kwangu."

"Ng'ombe walitoka kwako, ni kweli," akajibu. "Lakini tulisema mume. Mume wa nyumba hiyo hajazaliwa."

Nilitaka kukivuta kile kitambaa nikitupe majanini. Nasema kweli, sikuwahi kumchukia mtu hivyo, na sijawahi tena. Dereva akasema boma wanamsubiri, kama hakuna mgonjwa aondoke. Watu wakaanza kubishana pale pale, wifi yangu yuko kitandani katikati yao. Mmoja anasema mama ndiye mume, mwingine anasema mume hawezi kuvaa kanga, mwingine anasema basi huyu mwenye mimba yake atamke, si yupo hapa? Kila mmoja na hoja yake, kama vile wana siku nzima.

Mzee akagonga fimbo. "Huyu akitamka kwamba yeye ni mume, basi amekuwa mume. Mtoto atakuwa wake. Hatuwezi kuwa na mume mbele ya serikali na nyumba ntobu mbele ya mila."

Yule jirani alitazama miguu yake. Mama akamtazama, kisha akamtazama wifi yangu. Na wifi yangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akaitoa kanga mdomoni.

"Mama, kataa."

Alijua anachosema. Kwa nini mama alimtolea ng'ombe, kama si kwa ajili ya mtoto yule? Alikuwa anataka afe na nyumba ibaki na haki yake. Alikuwa msichana tu, ninyi watu.

"Nyamaza, wewe," mama akamwambia kwa upole. Kisha akawageukia wote, akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Mtoto ni wake. Nimempa. Mwambieni atamke."

Akatamka. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mzee alisema amesikia, na dresa akasogea pembeni. Tukapanda mimi na mama.

Hospitali walimpasua. Wifi yangu akapona, na mtoto akawa wa kiume, mzima, analia mpaka anasikika nje. Siwezi kusema ubaya wa daktari yule, alifanya kazi yake. Ila aliniambia mimi nimweleze mgonjwa, kwamba kizazi kilikuwa kimepasuka na hatazaa tena. Nilimweleza. Akasema, basi huyu mmoja nitamlea mara mbili.

Tukamrudisha mtoto nyumbani kwa mama, akakua. Yule jirani hakuja. Mama akaanza kupata matumaini kwamba ameona aibu, kwamba naye ni Mkurya, anajua mtoto ni wa nyumba. Mtoto alianza kuchunga mbuzi, anamwita wifi yangu mama na mama yangu bibi, na ulimi wake ulikuwa mrefu kama wa mamaye. Ndipo siku moja jirani akaja na wazee wawili na mtamba mmoja wa kulipia malezi, akasema amekuja kuchukua mtoto wake.

Mama akakataa, jambo likapelekwa kwenye mkutano. Safari hii mama alikubaliwa kusema, kwa kuwa alikuwa mshtakiwa. Alieleza mila yote kama ilivyo, ng'ombe walivyotoka, nani alishuhudia. Hakuna aliyempinga. Walitikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyo. Kisha mzee wa kidonda, kidonda chenyewe kilikuwa kimeshapona kwa sindano za serikali, akasimama akauliza swali moja tu: je, alitamka au hakutamka mbele ya watu kwamba mtoto ni wa huyu? Mama akasema alitamka ili mtu asife. Mzee akasema sababu hawakuiuliza. Neno lililosemwa mbele ya watu limesemwa. Wakaamua.

Wifi yangu alikuwa amekaa nyuma nami kwenye nyasi. Hakuulizwa.

Mama hakuketi. Akasema, "Sawa, mmeamua. Mimi nimezeeka na nyumba yangu imekwisha. Lakini nyumba ntobu ziko nyingi, na wakamwana wengine wana mimba sasa hivi. Naomba kanuni ibadilishwe, mama mwenye nyumba akubaliwe kutamka pale zahanati, asije mwingine akatoa mtoto ili apewe lori."

Wakatazamana. Nilifikiri kwa jambo hilo moja watamwonea huruma, kwa sababu kanuni ni yao, wameitunga wenyewe, waliishangilia wenyewe. Mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, akakuna ndevu, akanong'onezana na yule mzee, kisha akasema mambo ya zahanati si yao. Hilo ni la serikali, mama amsubiri Bwana Shauri atakapokuja.

Wakaendelea na jambo la pili, nalo lilikuwa josho la ng'ombe. Hapo hata waliokuwa wamesinzia waliamka. Kila mwanamume alitaka kusema, na wote walisema neno moja: serikali ije, ilete dawa, ilete mtu wa kukaa pale kila siku, isisubiri ruhusa ya mtu, maana ng'ombe wanakufa. Walikuwa bado wanagombea zamu ya kusema yule jirani alipomshika mtoto mkono wakaanza kuteremka kuelekea kijitoni. Mtoto aligeuka mara moja, akapaza sauti akamwuliza wifi yangu iwapo mbuzi nao wanakuja.