Siku Spika Iliposoma Makundi Yangu Mbele ya Wakwe

Chekeni sasa mmalize kabisa, maana mkinicheka katikati nitanyamaza. Mpaka leo nikipita sokoni hapa Nachingwea kinamama wauza dagaa wananiita "Redio", na mimi naitika, nifanyeje, jina limeshanikaa.

Yote yalianza na makundi ya watsapu. Jamani, makundi! Kundi la ukoo, kundi la pili la ukoo (kwa sababu kwenye lile la kwanza kuna watu hawasemezani), la mtaa, la wazazi wa shule, la wauza ufuta, la madrasa, la harusi ya mtu ambaye ameshazaa na kuachika na kundi bado lipo, watu wanatumiana humo picha za maua na "amkeni salama". Na kujitoa huwezi. Ukijitoa inaandikwa palepale kila mtu aone kuwa fulani amejitoa, na hata chai hujanywa unapigiwa simu kuulizwa umegombana na nani. Shangazi yangu alijitoa kwa bahati mbaya, kidole tu kiliteleza, wazee wakakaa kikao kumpatanisha na watu ambao hakugombana nao.

Mimi nikachoka. Nikasikia kuna programu unaiweka kwenye simu, inakusanya meseji za makundi yote, za maandishi na za sauti, inakusomea moja baada ya nyingine huku wewe unaendelea na shughuli zako. Nikaiweka. Siku za mwanzo raha mstarehe, nabangua korosho zangu, simu inasoma. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana, na inasoma mpaka vile vikatuni: "Uso unaocheka kwa machozi. Uso unaocheka kwa machozi. Mikono ya dua."

Ndipo ikafika Jumamosi ya posa ya binti yangu Rehema. Wakwe wanatoka Likunja, kule Ruangwa, watu wa dini na heshima zao, na Rehema alinisihi wiki nzima: "Mama, nakuomba, siku hiyo kusiwe na vituko." Nilimwahidi. Nikaazima spika kwa jirani, nikaiweka barazani walipokaa wanaume, nikaiunganisha na simu yangu ipige kaswida taratibu, simu yenyewe nikaiacha chumbani kwenye chaji nikaenda uani kwenye masufuria. Bando langu lilikuwa limekwisha tangu jana yake, hakuna meseji inayoingia, nikasahau kabisa kuwa ile programu ipo.

Sasa Rehema mwanangu, kwa mapenzi yake, akaninunulia bando ili akishapambwa nimpige picha niwatumie ndugu.

Kaswida ikakatika. Niko nakuna nazi nasikia, "Kundi la Mtaa. Mbuzi wa kahawia amepotea, ana kengele shingoni." Nikadhani jirani kafungulia redio. "Kundi la Wauza Ufuta. Ghala litafunguliwa Jumatatu. Mikono ya dua." Hapo nikaitambua sauti ya programu yangu! Sijainuka vizuri, "Kundi la Ukoo. Dada, wakwe wameshafika? Yule baba mkwe bado anapaka piko kwenye ndevu kuficha mvi? Uso unaocheka kwa machozi."

Baba mkwe, Mzee Hamisi, alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye spika. Waliokuwepo wanasema mkono ulimwenda kidevuni wenyewe.

Nikakimbilia chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Rehema anavalishwa na mashoga zake, wanacheka, wanapiga vigelegele, nagonga nagonga, wanajibu "Subirini nyie watoto!" Nikageuka nikakimbilia barazani, mama wa mwali mzima, na kanga ya jikoni, mikono imejaa machicha ya nazi, nikakata katikati ya mkeka wa wanaume nikabonyeza kitufe cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa cha kuongeza sauti.

"Kundi la Mwali. Ujumbe wa sauti."

Niwaeleze. Kungwi wetu, Bi Somoe, hajui kuandika, kwa hiyo maandalizi ya unyago wa wasichana wa mtaa alikuwa anatutumia kwa sauti, sisi kinamama peke yetu, na mambo yale mwanamume hatakiwi kuyasikia hata awe mumeo wa miaka yote. Ngoma ikalia, Bi Somoe akaanza kuimba. Wimbo siutaji, nimeshatozwa faini mara moja inatosha.

"Astaghfirullah!" Mzee Hamisi huyo, kaziba masikio, na msafara wake wote nyuma, wakatoka na soksi viatu wameviacha. Kaka yangu Saidi, aliyekuja kutoka Mkotokuyana kumsemea Rehema (kwetu mjomba ndiye mwenye neno), akajishindilia kofia masikioni.

"Zima! Dada, binti unamwoza au unamtangaza?"

"Kaka, sijui pa kuzimia!"

Wanaume wamejipanga barabarani juani, bodaboda wanasimama kuuliza kuna msiba wa nani, na upande wa kinamama bibi yake bwana harusi, ajuza wa watu, anapiga makofi na kuitikia kiitikio. Hakukosea hata neno. "Kungwi wenu anajua," akasema wimbo ulipokwisha, "ila sisi tunauimba polepole."

Aliyezima ni Rehema. Alitoka chumbani na simu yangu mkononi, kapambwa kapambika, wanja umeshaanza kumchuruzika. Akaniambia "Mama" tu, basi. Angenitukana ningeumia kidogo.

Saidi aliwabembeleza wale wazee barabarani mpaka wali ukapoa. Wakarudi, posa ikakubaliwa, namshukuru Mungu, Mzee Hamisi akasema bila kunitazama, "Siku ya harusi spika tutakuja nayo sisi." Makungwi nao wakakaa wakanitoza jogoo kwa kutoa ya ndani nje.

Programu nimeifuta, na naapa simu yangu haitaunganishwa tena na kitu chochote chenye sauti. Makundi nayo najitoa moja moja, mkiona jina langu msinipigie, sijagombana na mtu.

Juzi nimepita sokoni, muuza dagaa ananiambia, "Redio, sare mbona hujaja kuchagua? Harusi si baada ya mfungo?" Nikasimama pale kama mgeni, habari ya sare ndiyo naisikia kwake. Nikarudi nyumbani nikamuuliza Rehema.

"Tuliandika kwenye kundi la harusi, Mama."

"Kundi lipi?"

Akaendelea kukunja nguo. "Si ulisema makundi yamekuzidi?"

Simu naichaji kila siku, ikilia tu naikimbilia, labda ameniunga.