Mama Banda, Shemeji na kitanda cha majani

Jua la asubuhi halijafika uani, na mbwa mmoja amesimama ndani ya karai akiwa amejaa povu mpaka masikioni. Hataki kuwepo hapo. Mkia ameubana, na macho ameyakaza kwa mwanamke aliyeshika kola yake, kama mtu anayengoja kuombwa radhi.

"Usininunie," mwanamke anamwambia. "Daktari kasema dakika kumi. Sikupanga mimi."

Mwanamke huyo ni mtunza mbwa wa kampuni ya ulinzi. Ana miaka hamsini na ushee, mabuti ya mpira yaliyomzidi miguu na aproni ya turubai. Walinzi wanamwita Mama Banda, kwa sababu, wanasema, ukimkosa kwenye banda la mbwa ujue hayupo duniani.

Mbwa aliye kwenye karai anaitwa Shemeji. Ni jike la rangi ya kahawia, na jina alipewa na walinzi haohao, wakidai anakutazama kama shemeji anayejua siri zako zote.

Leo Mama Banda anaosha huku akichungulia geti. Msimamizi wa kampuni anakuja kuamua kama Shemeji ataendelea na kazi. Akisema basi, mbwa huyo atachomwa sindano ya mwisho, maana kampuni haimgawii mtu mbwa aliyefundishwa kung'ata.

"Hajamuuma mtu asiyestahili hata siku moja," anasema Mama Banda. "Kosa lake ni kujikuna tu."

Kujikuna huko si kwa mchezo. Kila mwaka mvua zikikatika, na majani ya uwanja ulio nyuma ya ukuta yakianza kutoa mashada ya maua, Shemeji huanza kulamba vidole vya miguu. Kisha muwasho huhamia kwapani, tumboni na masikioni. Manyoya hunyonyoka, ngozi huwa nyekundu na kutoa harufu. Akiwa katikati ya doria hukaa kitako na kujikuna kwa mguu wa nyuma, huku mlinzi akivuta kamba bure.

"Msimamizi aliniambia, 'Mama, mwizi hatasubiri huyu amalize kujikuna,'" anakumbuka. "Nilitaka kubisha, lakini alisema kweli."

Yeye mwenyewe aliingia kampuni hii kama mfagiaji. Mtunza mbwa aliyekuwepo aliacha kazi ghafla, na mbwa wakashinda na njaa kwa sababu hakuna mlinzi aliyethubutu kufungua mlango. Mama Banda aliufungua, ufagio mkononi, akiwakaripia kama watoto waliochelewa shule. Wakanyamaza. Tangu hapo kazi ikawa yake, ingawa mshahara, anasema akicheka, bado haujapata habari kwamba amepandishwa cheo.

Sasa anatunza mbwa kumi na mmoja. Mumewe, fundi cherehani, analalamika nusu kwa utani. "Wenzangu wake zao huwasimulia habari za majirani," anasema. "Mimi nasimuliwa nani kaharisha na nani kagoma kula."

Muwasho wa Shemeji ulipoanza, miaka mitatu iliyopita, kila mtu aligeuka daktari. Mlinzi mmoja alisema ni viroboto. Mwingine alilaumu chakula. Wa tatu alileta kopo la oili chafu ya gari, akiapa kwamba babu yake aliponya mbwa wa kijiji kizima kwa kuwapaka. Mama Banda alilirusha kopo hilo nje ya geti.

"Nilimwambia ajipake yeye kwanza, tumwone atakavyong'aa."

Shemeji alipopelekwa kwa daktari wa mifugo, daktari alikwangua ngozi kidogo kutafuta utitiri, akapitisha kitana cha meno membamba kutafuta viroboto. Hakupata kitu. Akasema huo ni mzio: mwili wa Shemeji unapambana na chavua, ule unga wa maua ya majani unaopeperushwa na upepo. Binadamu mwenye shida hiyo hupiga chafya, lakini mbwa mara nyingi huwashwa ngozi. Alimpa vidonge vya kupunguza muwasho na shampuu ya kutuliza ngozi, akaagiza apanguswe miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji kila atokapo doria.

Mama Banda alifuata yote, tena kwa bidii. Shemeji alipata nafuu, akarudiwa, akapata nafuu, akarudiwa tena. Vidonge vikiisha tu, muwasho huo.

Na kadiri mbwa alivyowashwa, ndivyo mtunzaji wake alivyozidi kumhurumia. Kosa lilikuwa limejificha humo kwenye huruma. Mama Banda alilelewa na bibi mfuga mbuzi, mtu aliyeamini kwamba mnyama mgonjwa hutibiwa kwanza kwa malalo safi. Basi kila alipomwona Shemeji hana raha, alichukua mundu, akatokea mlango wa nyuma hadi uwanjani, akakata majani marefu yenye mashada, akayaanika juu ya bati na kumtandikia kitanda kinene. Mbwa wengine walibadilishiwa malalo kila wiki, lakini Shemeji karibu kila siku.

"Alikuwa na kitanda kizuri kuliko changu," anasema.

Daktari aliuliza mbwa anakula nini, anaogeshwa kwa sabuni gani, anatembea wapi. Mama Banda alijibu kila swali bila kuficha. Kitanda hakikuulizwa, naye hakukitaja. Nani huenda hospitali akaanza kumweleza daktari habari za shuka zake?

Ukweli ulijitokeza mwezi uliopita, daktari alipokuja mwenyewe bandani. Kwa heshima ya mgeni, Mama Banda aliwahi kutandika majani mapya. Shemeji akajizungusha, akajilaza, na salamu za watu wazima hazijaisha tayari alikuwa anajikuna tumbo. Daktari aliinama, akachota konzi ya majani, akayakung'uta juu ya kiganja. Unga wa manjano ukabaki.

"Mama, haya umeyatoa wapi?"

"Hapo nyuma tu, Daktari. Uwanjani."

"Unamtandikia haya siku zote?"

"Siku zote. Akizidiwa ndiyo namwongezea."

Daktari hakumcheka wala kumfokea. Alifuta kiganja kwenye koti lake na kusema taratibu, "Basi adui tumempata." Mama Banda alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anasema hakulia mbele ya daktari. Alilia alipobaki na mbwa.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namtandikia ugonjwa," anasema. Kisha anaona aibu, anamgeuza Shemeji upande wa pili na kuendelea kumsuuza.

Majani yaliondolewa siku ileile. Mumewe alishona vigodoro kwa sare chakavu za walinzi na kuvijaza vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani kwake. Hufuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Manyoya yameanza kuota tena kwapani, na walinzi wa zamu wanasema Shemeji sasa hulala bila kuamka kujikuna.

Msimamizi anafika akiwa na daktari wakati Mama Banda anamalizia kumkausha mbwa. Ni mtu wa maneno machache, na inasemekana anaogopa mbwa ila hataki ijulikane. Anasimama mbali kidogo.

"Amepona?" anauliza.

"Mzio hauponi, Bosi, unadhibitiwa," anajibu daktari. "Amepata nafuu kubwa. Lakini uwanja uko palepale, na upepo hauna geti."

"Tukifyeka?"

"Uwanja si wetu," anasema Mama Banda. "Na mwenyewe hatujawahi kumwona."

"Kwa hiyo mwakani tutakuwa hapahapa, tunaongea hayahaya."

"Akibaki hapa, ndiyo," anasema daktari.

Mama Banda anakunja taulo ambalo tayari limekunjwa. Halafu anatoa jambo ambalo, atakiri baadaye, amekuwa nalo moyoni kwa wiki nzima akilimeza. Amesikia kwamba kampuni inatafuta mbwa wa kulinda ghala la vigae upande wa pili wa mji. Kule ni saruji tupu, ndani na nje, na majani hayapo hata ya kubahatisha.

"Mpelekeni ghalani, Bosi."

"Kule kuna mlinzi wake tayari. Siwezi kukuhamisha, mama yangu. Hawa wengine nitamwachia nani?"

"Sijasema mnihamishe mimi. Nimesema mpelekeni yeye."

Msimamizi anamgeukia daktari. Daktari anaitikia kwa kichwa. "Haya," anasema msimamizi, "aende leo." Uamuzi wote umechukua muda mfupi kuliko kuogesha.

Mchana mlinzi wa ghala anakuja na gari la kampuni. Ni mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, na hapewi nafasi ya kuitumia.

"Maji ya vuguvugu, siyo ya moto," Mama Banda anamwelekeza. "Shampuu ni hii ya daktari, siyo sabuni ya vyombo. Suuza mpaka maji yatoke safi, maana povu likibaki nalo linawasha. Masikio yakinuka usipake kitu chochote, mwite daktari. Na majani usimtandikie, hata mtu akikuletea bure."

"Sawa, Mama."

"Sema tena."

"Majani hapana, Mama."

Shemeji anarukia garini na kutazama mbele. Mbwa akipanda gari huamini anakwenda matembezini, na gari linatoka getini bila yeye kugeuza kichwa.

"Imeniuma," anasema Mama Banda bila kuficha. "Hata mkia tu angenitikisia."

Anapoulizwa atamtembelea lini, anaitazama aproni yake. Daktari alimweleza kwamba unga ule hukaa kwenye nguo na nywele za watu. "Mimi ndiye uwanja wenyewe," anasema. "Nikienda sasa hivi nikamkumbatia, nampelekea kilekile alichokikimbia. Nangoja mashada yakauke yote, nioge, nivae nguo ambazo hazijawahi kuingia humu, ndiyo niende."

Mpaka wakati huo hatampigia mlinzi wa ghala kila mara, kwa sababu mwenzake ana kazi. Wamekubaliana jambo moja tu: Shemeji akianza kujikuna, Mama Banda apigiwe simu saa yoyote. Anaitoa simu mfukoni, anahakikisha ina chaji, anairudisha.

"Nina hamu ya kusikia habari zake kupita kiasi," anasema. "Lakini naomba isilie."