Mchuzi Niliopika Bila Kuonja

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue saa na nikate kucha. Aliyeniambia ni Mpishi Mkuu wa mkahawa mmoja pale Posta, Mgoa mfupi mwenye sauti nzito, ambaye babu zake walitoka Goa enzi za utawala wa Mreno. Akaitazama baraghashia yangu.

"Humu tunapika vindalu ya nguruwe, kijana. Ndiyo inayoleta wateja. Utaweza?"

Nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta kazi. Nikamjibu kwamba nitapika, ila sitaonja.

"Basi utapika kwa pua," akasema. Nyumbani Kariakoo, mama alininunia wiki nzima.

Vindalu asili yake ni chakula cha mabaharia wa Kireno: nyama iliyolazwa kwenye siki na kitunguu saumu ili isioze safarini. Wagoa wakaongeza pilipili na viungo. Siki yetu ilikuwa tembo la mnazi lililoachwa likachacha. Nilijifunza harufu yake ikiwa mbichi, na ile ya baadaye, mchuzi ukishaiva, inayokaribia utamu. Nilijua bizari inaungua kabla sijaona moshi. Nilijisifu mno, nikadai hata chumvi naisikia kwenye mvuke.

Kutoka kuosha vyombo nikapanda hadi kukabidhiwa sufuria ya vindalu. Wateja waliisifu. Lakini kila siku, kabla haijatoka, Mpishi Mkuu aliisogeza kwenye dirisha la kutolea chakula, akanipa mgongo, akafunua kifuniko, eti anakagua. Sufuria za wenzangu hakuzikagua hivyo. Miaka kumi na tisa! Niliona haniamini, na iliniuma sana.

Alipostaafu, nami niliondoka wiki ileile, nikawa mpishi kwenye meli ya mizigo. Huko nilipika wali na samaki, nikionja kila kitu.

Safari moja meli ilisimama Melaka, bandari ya Malaysia, kwa matengenezo. Nahodha akaturuhusu kushuka. Nilikwenda kulitazama lango la mawe lililobaki kwenye ngome ya Wareno, kisha nikatembea hadi mtaa wa wajukuu zao, ufukweni. Hapo nikasikia harufu ya siki. Nilifuata pua mpaka kwa bibi mmoja aliyeuza chakula barazani. Akanielekeza pa kukaa, akisema "meza", neno letu kabisa. Mreno alituachia sote.

Mchuzi wake wanauita mchuzi wa shetani kwa ukali wake. Una siki na haradali, na yeye aliupika kwa kuku aliyechinjwa na jirani yake Mwislamu. Kwa mara ya kwanza nikaonja kitu kilicho ndugu wa vindalu yangu. Machozi yalinitoka, na si ya pilipili tu.

Nilimwona akionja, akitia chumvi, akionja tena. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha melini, kwamba mimi chumvi naijua kwa pua. Alicheka mpaka akaushika mlango.

"Chumvi haina harufu, mwanangu."

Maneno yale nilirudi nayo Dar. Kama chumvi haina harufu, nani aliyekuwa akizikoleza sufuria zangu?

Nilinunua kuku sokoni Kariakoo, nikaenda Upanga anakoishi Mpishi Mkuu.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba. Umenenepa. Jiko lile pale."

Nikapika vindalu kama zamani, bila kuonja. Ilipoiva akaja, akanipa mgongo, akafunua kifuniko. Safari hii nilisogea pembeni yake nione. Akaonja kwa kijiko, kisha vidole vyake vitatu vikaingia kwenye kibakuli cha chumvi, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kumbe!" nikasema. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia, Chifu?"

Alikoroga bila kugeuka. "Ningekuambia, ungeonja."

Nami sasa nimestaafu. Wapishi vijana wanaokuja kwangu nawasimulia habari za siki na bizari, na ya pua yangu nawasimulia ili wanicheke. Mkono ule wa Chifu, uliofunua sufuria zangu, niliuchukia miaka kumi na tisa. Siku ile niliushika kwa mikono yangu miwili, ukiwa bado na chembe za chumvi.