Milio Miwili ya Futari

Mkitaka kucheka chekeni, mie nshazoea. Mtaa wetu mzima hapa Mji Mkongwe ulinicheka mpaka ukachoka, na kabla ya kunicheka ulinitukana, na kabla ya kunitukana ulikuwa umeshakula futari na jua bado halijazama, kwa sababu yangu mimi. Hadi leo tairi la gari likipasuka Darajani, naangalia saa.

Ilikuwa miaka ya themanini mwishoni, Ramadhani imeangukia kwenye masika, na umeme unakatika kila inapokaribia magharibi kana kwamba nao umefunga. Umeme ukikatika, kipaza sauti cha msikiti kinakufa, na muadhini wetu alikuwa mtu mzima, sauti yake haivuki kona ya pili, na kwenye vichochoro vyetu jua hulioni hata siku ya kiangazi, sembuse na mawingu yale. Sasa mimi nilikuwa mwalimu wa michezo, na skuli ilikuwa na bastola ya kuanzishia mbio (haina risasi ya kuua, ni baruti na mlio tu, msije mkanishitaki). Hakuna aliyeniuliza. Nilikwenda mwenyewe kujipendekeza kwa Maalim, imamu wetu.

"Maalim, mie nnayo bastola. Niachieni kazi hiyo."

Maalim akashika ndevu, akasema, "Sawa, lakini piga mara mbili. Mlio mmoja watu watadhani fataki za watoto."

Basi mwalimu mkuu akaridhia, balozi wa nyumba kumi akaambiwa, mtaa ukatangaziwa: ukisikia milio miwili, futuru.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Bi Zuwena, mama wa mke wangu Rukia, tuliyekuwa tunaishi naye nyumba moja. Bi Zuwena hakuwahi kukubali kwamba kufundisha watoto kukimbia ni kazi ("Mbona wanakimbia wenyewe?"), na tangu niingie nyumbani kwake alikuwa ananiita "huyo bwana", hata nikiwa nimekaa mbele yake nakula. Nilikuwa natamani, wallahi, siku moja tu aniite mwanangu. Nikajua bastola ndiyo itanipatia. Yeye akasema, "Miaka yote hii nnafungua kwa adhana. Siji kufungua saumu yangu kwa mchezo wa skuli."

Bastola yenyewe sasa. Ilikuwa ya kujilisha yenyewe: ukiifyatua, kile chuma cha juu kinarudi nyuma na kutupa ganda lililokwisha, springi iliyomo kwenye magazini inasukuma risasi ya pili juu, na chuma kikirudi mbele kinaichukua na kuiingiza chemba, pale inapopigwa. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Yangu ilikuwa inapiga mlio wa kwanza vizuri, halafu risasi ya pili inasimama nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyekwama mlangoni na godoro. Kwenye mbio hilo si tatizo, mlio mmoja watoto washaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimeahidi miwili. Kila magharibi nikawa nachokoa kwa msumari pale juu ya paa letu la sakafu, na chini mtaa mzima umeshika tende mkononi unasubiri. Siku moja haikuchokoleka kabisa. Sauti zikapanda kutoka vibarazani, "Mwalimu! Futari au fataki?" nami nachokoa tu, mpaka mtu akatumwa mbio msikitini kuuliza, na uji ukapoa nyumba zote. Niliposhuka, Bi Zuwena alikuwa ananawa mikono taratibu. "Rukia," akasema, "mwambie huyo bwana nlisema."

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake alasiri nikapanda juu ya paa na bastola, kitambaa, mswaki wangu wa zamani na chupa ya mafuta ya taa, nikaapa sishuki mpaka mlio wa pili upatikane. Kwanza nikadhani springi imechoka, nikaitoa na kuivuta kidogo. Halafu nikatazama midomo ya magazini, pale risasi inapotokea, nikaona upande mmoja umepinda, nikaunyoosha. Kumbe mchawi mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Mwanzo wa mwezi niliipaka mafuta ya nazi (nywele tunapaka, miguu tunapaka, mlango ukilia tunapaka, kwa nini si bastola?), na yale mafuta yamechanganyika na masizi ya baruti yakawa gundi. Risasi ilikuwa haikwami, ilikuwa inanata. Nikasugua kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa, nikaiba tone la mafuta ya cherehani ya Rukia, nikapaka.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Ila fundi hajui kuacha. Nikataka kuona kama risasi zinapanda, kwa mkono tu, bila kupiga. Nikatia mbili, nikavuta chuma nyuma, ya kwanza ikaingia laini, raha tupu. Nikataka kuitoa sasa. Vidole vimejaa mafuta, chuma kikaniteleza, kidole kikaangukia pasipotakiwa.

Pah!

Njiwa wote wakaruka. Nikatazama saa: magharibi bado, tena bado haswa, ingawa mawingu yalishatia giza. Mtaa ukatega masikio, nikasikia hata mwiko ukiwekwa chini jikoni kwa jirani. Nikajituliza. Mlio mmoja ni fataki, Maalim alishasema, hakuna aliyekula. Na ile ya pili imekwama, maana hiyo ndiyo tabia yake, haijawahi kupanda yenyewe tangu nimeijua. Basi nikaielekeza juu na kufyatua tena, ili chuma kilegee niichokoe.

Pah!

Jamani, ilifanya kazi! Kwa nukta moja nilifurahi, nisiwafiche. Halafu kutoka kila dirisha nikasikia, "Bismillahi," na vijiko, na vikombe, na watu wanamshukuru Mola.

"Bado! Bado jamani!" Nikashuka ngazi tatu tatu na bastola mkononi, nikatokea kichochoroni napiga kelele, hata muuza duka wa kona, Mhindi asiyefunga saumu, alikuwa anashusha mlango wa duka maana alishazoea kufunga kwa mlio wangu. Mzee Nassor, jirani yetu, alikuwa amekaa barazani na sahani ya tende. Akaniona mdomo wazi, akadhani nashangilia. "Leo umetuweza, Mwalimu! Imelia kama mzinga!" na kabla sijafunga mdomo akanitia tende.

"Bado!" nikasema na tende mdomoni.

"Bado nini?"

"Magharibi!"

Mzee Nassor akatazama kikombe chake cha uji. Kilikuwa kitupu. Sitarudia aliyoyasema, mwezi ulikuwa mtukufu.

Lakini roho yangu ilikuwa kwa Bi Zuwena. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kudaiwa saumu tangu azeeke, na alikuwa anajivunia hilo kuliko nyumba yake ya mawe. Nikapanda ngazi mbio. Rukia alikuwa na kaimati shavuni, macho yamemtoka. Bi Zuwena amekaa mkekani, mbele yake futari yote imefunikwa kawa, tasbihi mkononi.

"Bi Zuwena, nisamehe, usile, bado..."

"Nani kala?" akasema. "Mie na bastola yako? Nnasubiri adhana."

Maalim akapita nyumba kwa nyumba: aliyekula ajizuie mpaka magharibi, na siku ile atailipa. Alipofika kwangu akaniuliza, "Na wewe ile tende uliimeza?"

"Sijui, Maalim. Kokwa nililitema."

"Basi lipa."

Baada ya sikukuu mtaa mzima ukakubaliana kulipa siku moja, pamoja, na futari iwe juu yangu. Nikapika uji sufuria zima, na muhogo wa nazi, macho yamevimba kwa moshi, tumbo linalia, na Bi Zuwena, asiyedaiwa na mtu, amekaa barazani tangu asubuhi anakunywa chai na mandazi mbele ya kila apitaye. Kila kipande anatafuna polepole, ananitazama.

Jioni adhana ilipotoka (umeme ulikuwepo siku hiyo, bila shaka), akainuka mwenyewe, akaniletea tende kwenye kisahani.

"Kula, mwanangu," akasema. "Leo ni magharibi kweli, nshahakikisha."

Nilikula huku machozi yananitoka, nikasingizia moshi. Bastola nilishairudisha skuli, na tangu hapo nikitengeneza kitu, hata taa ya chemli, sikijaribu mpaka niamini kwamba huenda kimepona. Maana siku ile mtaa mzima uliiamini kazi yangu isipokuwa watu wawili, Bi Zuwena na mimi. Yeye ndiye aliyesalimika.