Umuduha Uliokuwa Ukinifuata

Kwa miaka minne niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha shule ya jioni, kwamba mti uitwao umuduha hutembea. Aliyeniambia ni mbeba mizigo wa mpakani mwa Rwanda na Kongo, mtu aliyevuka daraja la Rusizi mara nyingi kuliko maji yalivyopita chini yake. "Ukiona muti ule kwenye mpaka wa kiwanja, papa, ujihadhari. Kila masika unasogea, unaelekea kwa muntu mpole."

Mimi ni mpole. Nikajua nimekwisha.

Kwetu Kamembe mvua hunyesha mpaka vyura wanaomba msamaha, kwa hiyo sikuwahi kuishi na mti huo. Niliukuta nilipohamia uwanda wa Bugarama kulima mpunga, kwenye vilima vya mawe ambako jua linaweza kukuivishia yai mfukoni. Shina moja nene, kisha matawi ya miiba yasiyo na majani, yote yameinuka juu kama jamaa mia wanaoomba dua. Mimi niliuita kaktusi, hadi mwalimu wetu wa jioni alipoapa kwamba si kaktusi hata kidogo, ni binamu wa muhogo. Hapo nilimtilia mashaka mwalimu, si mbeba mizigo.

Mmoja ulisimama kati ya kiwanja changu na cha jirani yangu, maman mjane anayefuga nyuki. Mti kama huo ulipokufa kilimani, alichonga mizinga ya nyuki kwa shina lake, maana ni jepesi. Ule wa kati yetu ulipochanua, nyuki wake walikula hapo. Asali ya maua hayo huwasha. Alinionjesha kijiko kimoja nikakohoa mpaka watu wa Burundi ng'ambo wakasema pole.

Nilipofika nilihesabu hatua ishirini kutoka ukutani kwangu mpaka kwenye mti. Mwaka uliofuata, kumi na sita. Kisha kumi na moja. Mwaka huu, sita! Yote nimeandika daftarini kwa kalamu nyekundu. Nilipomsomea mke wangu alisema, "Mm," akaendelea kuchambua mchele.

Nikatia daftari mfukoni, nikachukua panga.

Maman alikuja mbio, kitenge kinaburuta. "Papa, ukikata huo, nyuki zangu zitakula nini? Na mpaka utakuwa wapi? Batoto bangu batakuja kugombana na bako!"

"Mpaka gani, maman? Mpaka unakuja kulala sebuleni kwangu!"

Nikapiga tawi la chini. Mti ukatoa maziwa meupe, ukanitemea moja kwa moja jichoni. Wazee wa hapa waliyatumia kulevya samaki. Mimi nilileweshwa kuliko samaki wote wa Kivu. Nilitupa panga, nikazunguka kama kuku aliyechinjwa, nikilia machozi ya kumwagilia mpunga wa tarafa nzima.

Maman alinishika mkono, akanikalisha juu ya mzinga mtupu, akanimwagia maji. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Usisugue! Fungua jicho! Muntu mukubwa ovyo!" Nikafungua, nikaona ukungu, kisha nikaona uso wake. Alikuwa ameshika daftari langu lililoanguka.

"Hizi hatua, ulianzia wapi kupima?"

"Ukutani kwangu."

"Ukuta gani?"

"Ule wa mwisho, wa upande wako."

Akatazama ukuta, akatazama daftari. Nilitegemea angalau aogope.

"Papa," akasema taratibu, akinipangusa kidevu kwa ncha ya kitenge, "ulipokuja ulikuwa na nyumba tu. Mwaka wa pili ukaongeza jiko. Wa tatu, banda la mbuzi. Mwaka huu umejenga bafu. Muti haitembeake. Ni weye unaufuata."